Kaunta buku ya malezi: mwongozo kwa shule ya msingi isiyotaka kumpoteza mtoto

Mwaka wangu wa kwanza kukabidhiwa kazi ya mwalimu wa malezi, mfadhili mmoja alituletea jozi 12 za viatu. Asubuhi, mstarini, mbele ya shule nzima, nikasoma majina ya watoto 12 "wasiojiweza" wapite mbele wapokee. Walipita wote. Msichana mmoja wa darasa la tano alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akarudi kwenye mstari wake. Kesho yake hakuja shule, wala keshokutwa. Nilipofika kwao bibi yake alinitolea kigoda, akanipa maji, kisha akasema bila hasira: "Mwalimu, ungenipa mimi hivyo viatu, ningemvalisha asubuhi tu kama nimenunua mwenyewe." Viatu vilikuwa juu ya kichanja, soli bado nyeupe.

Huruma tulikuwa nayo ya kutosha. Tulichokosa ni utaratibu, na mwongozo huu unahusu utaratibu. Nafundisha shule ya kijijini, mwendo wa saa mbili kwa bodaboda kutoka Dodoma mjini, walimu tisa, madarasa ambayo yakijaa yanafika watoto 90. Nitakayoyaeleza yamefanyika katika hali hiyo, bila mradi na bila semina ya hotelini. Kama shule yako ina zaidi ya hapo, utafanya zaidi.

Hatua ya kwanza: nunua kaunta buku

Moja, ngumu, ya kurasa nyingi. Iandikwe jalada "Malezi" na ikae kwenye kabati la mwalimu mkuu lenye kufuli. Kila mwalimu anaruhusiwa kuandika humo, tena anatakiwa aandike, si mwalimu wa malezi peke yake. Gawa ukurasa safu tano: tarehe, jina la mtoto na darasa, nilichokiona, kilichofanyika, tarehe ya kuangalia tena.

Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Iandikwe kinachoonekana au kusikika, isiandikwe hukumu. "Mvivu" si kitu kinachoonekana. "Amelala kipindi cha tatu, mara tatu wiki hii" kinaonekana. "Mkorofi" futa, andika "amempiga mwenzake baada ya kuitwa jina." Wenzangu walilalamika mwanzoni kwamba naongeza kazi juu ya andalio la somo. Kilichowabadilisha ni ukurasa mmoja, nauweka hapa bila jina la mtoto:

Mwalimu wa Hisabati: ananakili ubaoni makosa matupu, 8 anaandika 3, nikimuuliza kwa mdomo anapata.

Mwalimu wa michezo: mpira wa juu haudaki mpaka umfikie kifuani.

Mwalimu wa zamu: amepigana kwenye foleni ya uji, mwenzake alimwita kipofu.

Walimu watatu, wiki moja, mtoto mmoja. Kila mmoja alikuwa ameshika kipande chake, na mtoto alikuwa darasa la nne, ripoti zake za miaka miwili zikisema "mzito kuelewa". Alikuwa na uoni hafifu. Hakuwahi kutuambia haoni kwa sababu hajui wengine wanaona nini.

Ijumaa, kabla walimu hawajatawanyika, kaeni nusu saa mkasome maandishi ya wiki. Nusu saa kweli, maana ikizidi, wiki ijayo watu watakuwa na udhuru. Mambo mawili hayaingii kwenye buku hili: hali ya mtoto kuhusu VVU, na maelezo ya ukatili wa kingono. Hayo yana njia yake, la pili nitalifikia.

Hatua ya pili: soma daftari la mahudhurio kwa mlalo

Wengi wetu tunalisoma wima: leo wamekuja 71, wamekosa 14, jumlisha, tuma takwimu. Chukua rula, iweke chini ya jina moja, fuata mstari wa mtoto mmoja mwezi mzima. Utaanza kuona ruwaza.

Anayekosa siku ile ile kila wiki anakosa kwa mnada. Wavulana wanaopotea kundi zima kwa wiki mbili wako kwenye kuchunga, malisho yamehamia mbali. Kuanzia Machi mpaka mavuno, watoto wa kaya zinazolima uwele na mtama wako shambani wakiamia ndege. Kwelea kwelea hawasubiri kengele ya saa nane. Msichana wa darasa la sita au la saba anayekosa siku tatu au nne kila mwezi, huhitaji kuuliza sana. Na yule anayekuja kila siku lakini amechelewa kila siku, mara nyingi ametoka korongoni. Kiangazi huku kwetu maji yanafukuliwa kwenye mchanga wa korongo, unasubiri kata moja ijae ndipo uchote nyingine. Mtoto akianza saa kumi alfajiri na foleni ina ndoo 40, atafika shule saa mbili na nusu, miguu ina mchanga mpaka magotini.

Kila ruwaza ina jibu lake, na hakuna hata moja ambayo jibu lake ni kuita mzazi kwa barua ya vitisho. Kwa mnada na kuchunga, tulikaa na mwenyekiti wa kijiji na wazee, kaya zikakubaliana kupokezana zamu za kuchunga ili kila mvulana akose siku moja, si wiki. Kwa wanaochelewa kwa maji, kipindi cha kwanza tulikifanya cha kusoma hadithi badala ya Hisabati. Hesabu aliyoikosa mtoto kila asubuhi kwa mwaka mzima huwezi kumrudishia.

Hatua ya tatu: tafuta wasiokuwepo kwenye daftari kabisa

Hii hufanywa mwishoni mwa mwaka, kabla ya uandikishaji wa Januari. Usiende peke yako, nenda na balozi wa nyumba kumi au mjumbe anayejulikana kwenye kitongoji. Na usiulize "Mna mtoto mlemavu hapa?" Utajibiwa hapana hata akiwa nyuma ya mlango. Salimia kwanza kwa utulivu, mbukwenyi yako (salamu ya Kigogo) na habari za mvua, ndipo uulize: "Jana usiku wamelala watoto wangapi kwenye mji huu?" Halafu wahesabu wanaoonekana. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo kazi yako.

Wazazi wanaomficha mtoto si makatili, kama tunavyopenda kusimulia. Mama mmoja aliniambia: "Mwalimu, hapa ndani namfua, namlisha, hakuna anayemcheka. Huko kwenu nani atampeleka chooni?" Swali hilo lijibuni kabla hamjaondoka: nani, choo kipi, saa ngapi. Ukiwa huna jibu, sema utarudi nalo, na urudi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mtoto haki ya elimu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inakataza shule kumkataa mtoto kwa ulemavu wake. Mimi sheria naitaja mwisho wa mazungumzo, na kwa nadra.

Kuna watoto ambao shule ya kijiji haiwatoshi. Asiyeona kabisa anahitaji breli na mwalimu anayeijua, na mkoa wetu una Shule ya Msingi Buigiri ya wasioona, pale Chamwino, na zipo shule za kawaida zenye kitengo cha elimu maalumu. Afisa elimu maalumu wa halmashauri ndiye anayejua nafasi ziko wapi. Kazi yako ni kumfikishia jina, si kuamua mwenyewe kwamba mtoto "hafai".

Hatua ya nne: pima macho na masikio mwenyewe

Huu ni upembuzi tu, si matibabu, na mwalimu yeyote anaweza. Fanya Februari, darasa zima, ili asionekane mtu kuchaguliwa.

Macho. Kwenye karatasi nyeupe chora herufi E kwa wino mweusi, urefu milimita 17 na nusu na upana huo huo. Kila mkono wa E na kila nafasi kati ya mikono iwe milimita 3 na nusu. Kata karatasi iwe mraba ili uweze kuigeuza mikono ielekee juu, chini, kushoto, kulia. Pima mita 6 kwa tepu, kivulini nje, mwanga wa kutosha na jua lisimpige mtoto usoni. Anaziba jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, anakuonyesha kwa mkono mikono ya E imeelekea wapi. Geuza mara tano. Akikosa zaidi ya mara moja, rudia siku nyingine. Akikosa tena, andika na umpeleke. Hahitaji kujua kusoma, kwa hiyo hata wa awali wanaweza, wanaona ni mchezo. Mtoto wa kwanza kupimwa mtumie kuwaonyesha wengine.

Hapo hapo angalia kope. Trakoma, tunaiita vikope, imewasumbua watu wa kanda hii kwa vizazi, Kongwa hasa, na inaambukizwa kwa mikono, kanga za kufutia uso na inzi. Macho mekundu yenye tongotongo kila siku ni ya zahanati. Uso unawe kila asubuhi. Najua nimetoka kuzungumzia shida ya maji. Kopo moja la nusu lita lenye tundu dogo, likining'inizwa mtini, linanawisha nyuso nyingi kuliko unavyodhani.

Masikio. Simama nyuma ya mtoto umbali wa mkono mmoja, azibe sikio moja kwa kidole. Toa pumzi, kisha nong'ona maneno matatu: "tatu, kuku, saba." Ayarudie. Badilisha maneno kwa sikio la pili. Asiporudia hata mawili, mrudie kesho. Sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta wala maji ya majani, hata kama bibi wa nani amesema. Lifutwe kwa kitambaa safi na mtoto aende zahanati.

Hatua ya tano: panga darasa upya

Mwenye uoni hafifu na asiyesikia vizuri wanakaa mbele, lakini si mbele popote. Asiyesikia akae mahali anapoona mdomo wako, na wewe uache tabia ya kuongea ukiwa umeugeukia ubao, sote tunayo. Mwenye ualbino akae mbele mbali na dirisha lenye jua, aruhusiwe kofia pana na mikono mirefu hata kama sare ni mikono mifupi, na asiwekwe kwenye zamu ya usafi wa nje saa sita. Kama mstari wa asubuhi unakuwa mrefu, yeye asimame kivulini. Losheni ya jua ulizia kituo cha afya, na mfundishe kujipaka tena mchana.

Andika ubaoni kwa herufi kubwa na usome kwa sauti kila unachoandika. Hilo halina gharama na linamsaidia kila mtu, pamoja na wale 30 wa nyuma ambao kwa mita zile hata mimi nisingeona.

Katika darasa la watoto 90 huwezi kumfikia kila mmoja. Wagawe wawili wawili, mwenye kuelewa haraka na mwenye kuhitaji muda, na wabadilishe kila mwezi. Usimfanye mtoto mmoja kuwa mtumishi wa kudumu wa mwenzake anayetumia kiti cha magurudumu. Nimeona msichana mwenye akili sana akikosa kucheza mwaka mzima kwa sababu "ndiye anayemsukuma". Zamu iwe ya darasa, kwa ratiba ya ukutani.

Njia ya mteremko mlangoni: kwa kila sentimita 1 ya kimo cha kizingiti, weka sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 30 kinataka njia ya mita 3.6. Mafundi wa kijijini wanapenda kuijenga fupi ili saruji isiishe, matokeo yake ni kilima ambacho hakuna mtoto anayekipanda bila kusukumwa na watatu. Simama hapo na tepu. Choo cha karibu kiongezewe mlango mpana na bomba la kushikia ukutani, na tundu lake lisigeuzwe stoo ya majembe.

Lugha. Watoto wengi wa darasa la awali wanafika na Kigogo, Kirangi au Kisandawe, Kiswahili wanakijua cha dukani. Somo ni kwa Kiswahili, ndiyo, lakini mtoto aliyekaa kimya wiki tatu si bubu. Jifunze maneno 20 ya nyumbani kwao: njoo, kaa, maji, choo, inauma wapi. Hayo mawili ya mwisho yajue kabla ya mengine yote.

Majina ya utani

Tuna desturi ya utani huku, na watu husingizia hapo. "Tunamtania tu mwalimu." Utani wa kweli una pande mbili: Mgogo na mtani wake wanarushiana, kila mmoja ana la kurudisha, na msibani ndiyo hao hao wanaosaidiana. Mtoto anayeitwa kwa mguu wake, kwa ngozi yake au kwa umaskini wa kwao hana la kurudisha. Hivyo ndivyo ninavyowaeleza watoto wenyewe, na wanaelewa haraka kuliko nikisema "ubaguzi". Tangu serikali ihamie Dodoma, shule za pembezoni mwa mji zimepata watoto wa watumishi kutoka kila mkoa, na wenyeji wanaitwa ombaomba kwenye ardhi ya babu zao. Hilo nalo si utani.

Na tuanze na sisi walimu. Ofisini kwetu palikuwa na majina ya watoto ambayo nisingependa mzazi ayasikie.

Uji

Mchango wa chakula hukubaliwa kwenye mkutano wa wazazi, na karibu kila shule kuna kaya ambazo hazijaleta, hasa kuanzia Januari mpaka Machi ghala likiwa tupu. Kosa linalofanyika ni kumtoa kwenye foleni mtoto ambaye kwao hawajachangia. Anakwenda kukaa nyuma ya darasa akisikia vikombe.

Orodha ya waliochangia na wasiochangia ikae kwa mweka hazina wa kamati ya shule, isikanyage jikoni. Mpishi asijue. Kiranja asijue. Kaya isiyo na mahindi ichangie kuni, maji, au siku za kupika, na jambo hilo lisemwe kwenye mkutano kama kawaida ya wote, sio kama msamaha kwa fulani. Sisi tulifanya kosa la kuandika majina ya waliochangia kuni kwenye karatasi tofauti ya rangi tofauti. Wiki ya pili watoto walikuwa wameshajua maana ya karatasi ile.

Wasichana

Kiwango cha serikali ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hesabu yenu mnaijua. Wakati mnasubiri, hakikisheni tundu moja la wasichana lina mlango unaofungwa kwa ndani, ndoo ya maji, na pa kutupia pedi. Pedi za akiba zikae kwa mwalimu wa kike, na kwa dada mkuu pia, kwa sababu siku mwalimu huyo yuko semina ndiyo siku zinapohitajika. Wavulana nao wafundishwe hedhi ni nini. Kicheko hukoma siku ya tatu.

Kuna neno ambalo mwalimu mgeni wa Dodoma na Singida analazimika kulijua: lawalawa. Ni jina wanalolitumia wengi kwa maambukizi ya sehemu za siri na njia ya mkojo kwa watoto wa kike, na kwa vizazi wameaminishwa kwamba dawa yake ni kukeketa. Sheria ya 1998 ya makosa ya kujamiiana ilipokataza kukeketa mtoto, wengine wakashusha umri, wanafanya mtoto akiwa mchanga, kimyakimya, nyumbani. Kwa hiyo ukisubiri dalili kwa mwanafunzi wa darasa la sita umechelewa miaka kumi. Unachoweza kufanya ni kuwafikia wanaolea hao wachanga: mama zao na dada zao. Mwalike muuguzi wa zahanati kwenye mkutano wa akina mama, aeleze kwamba lawalawa ni maambukizi, yanapimwa, yana dawa, na yanazuiwa kwa usafi na nepi kavu. Aeleze bila kuwagombeza; wengi wa walioketi pale walifanyiwa wao wenyewe.

Msichana aliyepata mimba, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi shuleni baada ya kujifungua. Ruhusa ipo, lakini hakuna anayerudi bila kufuatwa. Andika tarehe kwenye safu ya tano, nenda.

Fimbo

Kanuni inaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa tu, kwa mkono wa mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Linganisha na yanayotokea kila asubuhi getini. Maoni yangu binafsi, na hapa wenzangu wengine hatukubaliani, ni kwamba mtoto aliyechapwa na mwalimu asubuhi hatamwendea mwalimu huyo mchana kumwambia yanayompata usiku. Ukitaka kazi ya malezi, chagua.

Mtoto akikuambia jambo zito

Hapa usibuni. Fuata hatua.

Mahali: chini ya mti mnapoonekana na watu lakini hamsikiki. Usimfungie ofisini peke yenu, kwa usalama wake na wako. Kaa chini, usisimame juu yake.

Maneno: mwache aseme kwa mpangilio wake. Uliza yaliyo wazi tu: "Halafu ikawaje?" "Ilikuwa wapi?" Usimtajie jina la mtu wala kumtilia neno mdomoni. Usiulize "Kwa nini hukusema mapema?", swali hilo linafunga mlango. Usimwahidi siri. Sema hivi: "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako. Nitamweleza mtu anayeweza kusaidia, na nitakuambia ni nani." Akimaliza, andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni ya Kigogo, hata kama unaona haya kuyaandika. Tarehe, saa, sahihi. Karatasi hiyo iingie kwenye bahasha iliyofungwa, kwa mwalimu mkuu.

Kisha siku hiyo hiyo, si Jumatatu: mwalimu mkuu, Afisa Ustawi wa Jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure na inaweza kukuelekeza ukikwama. Kama ni ukatili wa kingono, mtoto afike kituo cha afya haraka iwezekanavyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Asiogeshwe kwanza. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Fomu ya PF3, ya uchunguzi wa daktari, inatoka polisi na inahitajika, lakini matibabu yasisubiri fomu.

Usiende nyumbani kwa mtuhumiwa. Usimwite "tuzungumze". Usifanye upelelezi, upelelezi una wenyewe. Na utakuja kuona jambo ambalo litakuchosha kuliko yote: wazee wawili wa familia watakuja na maneno laini, kwamba ni ndugu, kwamba wamekubaliana ng'ombe wawili na mbuzi, kwamba mwalimu utaondoka kijijini lakini wao watabaki. Wapokee kwa heshima, wape kiti, waambie karatasi imeshatoka mikononi mwako. Ndiyo sababu ya kuitoa siku hiyo hiyo.

Anayetuhumiwa akiwa mwalimu, taarifa isipite kwa rafiki zake. Mwalimu mkuu ampelekee Mkurugenzi wa Halmashauri, pamoja na polisi. Akiwa ni mwalimu mkuu mwenyewe, nenda moja kwa moja kwa Afisa Elimu wa wilaya au piga 116. Sanduku la maoni liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu wa malezi, mwingine kwa mjumbe mwanamke wa kamati, lifunguliwe wote wakiwepo. Sanduku la kufuli moja watoto wanalijua.

Darasa la saba

Fupi, ila linasahauliwa kila mwaka: mtahiniwa mwenye uoni hafifu anastahili karatasi ya maandishi makubwa, na watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa muda, dakika 20 kwa kila saa kwa Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwa masomo mengine. Hilo huombwa wakati wa usajili. Septemba, msimamizi ameshavunja lakiri ya bahasha, hakuna wa kumlilia.

Ukihamishwa

Walimu tunahama. Siku ya makabidhiano watu wanakabidhi chaki, vitabu na funguo. Kabidhi na kaunta buku, kwa sahihi ya anayetoa na anayepokea, mkipitia pamoja majina yote ambayo safu ya tano bado ina tarehe ya mbele. Mwezi uliopita nilimkabidhi mwenzangu ya kwetu, ya tatu sasa tangu tuanze. Tulikaa chini ya mwarobaini kuanzia saa tisa. Tulipofika jina la 14 alisimama, akasema huyo anamjua, anakaa jirani na alikopanga, na kwamba jana alimwona akirudi kutoka kuchunga saa mbili usiku. Nikampa kalamu.